Maji Laini kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Birika jipya, wiki tano tu, limeota ukoko mweupe ndani kama ganda la yai. Maji ya kisima chetu ni magumu, nakubali. Ila nyumba hii nimeijenga mwenyewe, na geti nimelichomelea mwenyewe katika karakana yangu. Sipendi kuambiwa ina kasoro.

Leo nimeambiwa. Mama mkwe anahama kwake moja kwa moja, magoti hayataki tena ngazi, na lazima achague aishi kwa binti yupi. Atakaa kwetu wiki moja kuanzia Ijumaa, kisha aamue. Safari iliyopita maji yetu yalimuwasha ngozi, akaondoka siku ya pili. Mke wangu kasema mama yake akienda kwa mdogo wake, mwendo wa saa saba barabarani, atakuwa anamwona mara mbili kwa mwaka. Hakulalamika. Alikuwa anakwangua birika kwa kijiko huku akinitazama. Angelalamika ningejua la kujibu.

Huyo mdogo wake kaolewa na mwanyumba wangu, bwana wa ofisini asiyejua nyundo inashikwa upande gani. Maji yake ni laini. Hakuyatolea jasho hata tone. Yanamjia tu.

Jumanne, 4 Machi

Duka la mashine za kulainisha maji. Muuzaji ni binti mwenye miwani. Kapima maji yangu kwa matone: miligramu 380 za chokaa kwa lita. Mimi nyumbani nilikwisha kukadiria 400 kwa kutikisa sabuni ndani ya chupa. Nikamweleza. Akasema hongera mzee, bila kuinua macho.

Kaeleza mashine ina punje zinazonasa chokaa, na zikishiba inajiosha yenyewe kwa maji ya chumvi. Akataka nichukue kubwa, ijioshe kila siku ya nne. Nikamwonyesha kwa hesabu: watu watano, lita 110 kila mtu, ndogo inatosha kabisa, mradi ijioshe kila siku. Akasema inatosha ndiyo, ila. Sikungoja hiyo ila. Akauliza fundi wao aje lini kufunga. Nikamuuliza kama ninafanana na mtu anayefungiwa vitu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefunga. Saa sita kazini, maungio kumi na moja, yanavuja mawili tu.

Fundi bomba wa mtaani, tunayemwita Spana, alipita "kusalimia". Akasimama mlangoni na kikombe cha chai ya mke wangu akanitazama kama anayeangalia mpira. Akasema bosi, mpira wa maji machafu upeleke mtaroni. Nikamuuliza ni lita ngapi. Akasema kama 190 hivi kila ikijiosha. Lita 190 kila siku, mtaroni! Kwa mwaka ni 69,350. Watu wanachimba visima kwa kiasi hicho. Nikamwambia bafuni kuna pipa la akiba la lita 200, tunalotumia umeme ukikatika. Akasema hayo ni maji ya kutupa, bosi. Nikamwambia kwangu hakuna maji ya kutupa. Akarudisha kikombe akaenda zake, anacheka na mabega.

Pia akasisitiza ijioshe saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Hilo nilikubali. Nikawasha kioo cha saa ya mashine, nikakuta kiwandani wameiwekea 2:00. Saa mbili! Wakati watu wako bafuni! Hawa ndio wasomi wanaotutengenezea vitu. Nikairekebisha: 8:00, ianze Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kafika jioni. Kanawa mikono, povu likajaa hadi kwenye viwiko. Akasema, "Mwanangu, leo sabuni imenitambua." Kaoga, hakujikuna. Chai kanywa vikombe vitatu. Mke wangu kanitazama mezani kwa namna ambayo sijatazamwa tangu nilipomaliza paa. Nikampigia simu mwanyumba, kumjulia hali tu. Nikamtajia miligramu. Akasema vizuri sana kaka. Wivu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya dhuluma.

Saa mbili asubuhi kamili mama mkwe yuko bafuni, kajipaka sabuni mwili mzima. Mashine ikaanza kunguruma ukutani. Bomba likabaki linatoa uzi wa maji. Mama wa watu akachukua kopo akachota kwenye pipa. Pipa lilikuwa linapokea maji ya chumvi, moja kwa moja kutoka kwenye mpira wangu. Kajimwagia makopo manne. Kwenye ngozi inayowasha. Na macho.

Ieleweke kwamba dakika kumi na mbili za mwanzo mashine hutoa maji ya kawaida. Chumvi huja baadaye. Angeoga haraka kidogo, tusingekuwa na mazungumzo haya. Nilijaribu kumweleza kupitia mlangoni. Mke wangu akaniambia Baba Watoto, ondoka hapo.

Binti yangu mkubwa akatazama kioo akasema baba, kwenye mashine nane ndiyo saa mbili. Asubuhi. Mbili yao ilikuwa saa nane ya usiku. Yaani walikuwa wameiweka sawa na hawakumwambia mtu.

Jumapili, 9 Machi

Mwanyumba kaja na gari, kaosha hadi matairi. Mama mkwe akaniaga vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, umejitahidi. Ila mimi si nyama ya kukausha." Mwanyumba akageuka kutazama geti langu, mabega yake kama ya Spana.

Mke wangu kaenda naye, kumkalisha mama, siku tatu nne. Kabla ya kupanda gari alilitazama dirisha la chumba alichokuwa amemtandikia. Nilimwambia kosa ni la kiwanda. Akafunga mlango wa gari taratibu.

Jumatano, 12 Machi

Nyumba kimya. Nimepata muda wa kufikiri, na nimeona kosa lilikuwa wapi: kumtegemea muuzaji. Kwa nini nilainishe maji magumu wakati maji ya mvua yanashuka yakiwa laini tayari? Chokaa: sifuri. Hayana saa, hayana chumvi. Paa langu ni mita 9 kwa 11. Milimita kumi za mvua ni lita 990, moja kwa moja bafuni kwa mama mkwe. Mchana nimenunua tangi la lita elfu mbili, nalipandisha juu ya dari.

Spana kapita tena kusalimia. Akauliza dari linabeba kilo ngapi. Nikamwambia dari nimelipiga mwenyewe.

Nimempigia mke wangu: amrudishe mama Jumamosi, chumba kiko tayari. Akauliza nani kanisaidia safari hii. Nikamwambia aje tu, ataona.

Tangi limekuja na kitabu cha maelekezo, kurasa kumi na nne, karatasi nzuri nzito. Nimezitumia kufungia misumari.