Namba Kumi Ndani ya Bitana

Jumatatu, 4 Mei

Simu mpya! Kioo hakina hata mkwaruzo. Ya zamani nimempa mama mkwe. Nimefuta kila kitu kwanza, maana mle nilikuwa nimeandika mambo kumhusu yeye. Mke wangu akauliza kama nimehamisha vyote. Nikamwambia mimi si mtoto.

Jumanne, 5 Mei

Nimekwama. Vipimo vya nguo za wateja wangu wote viko kwenye akaunti mtandaoni. Neno la siri ninalo. Lakini akaunti inataka pia zile tarakimu sita zinazobadilika kila nusu dakika, na programu inayozitoa ilikuwa kwenye simu ya zamani. Sasa simu ile imejaa picha za mama mkwe na kuku wake.

Na gauni la harusi la mpwa wangu linatakiwa Jumamosi! Daftari nililichoma mwezi uliopita, nikimtambia dada kwamba fundi wa kisasa hatumii karatasi. Nikiomba vipimo upya, dada atajua, na gauni litavuka barabara hadi kwa Bwana Mkasi, fundi mshindani wangu. Kukisia siwezi, kitambaa ni hicho hicho kimoja. Na binti yule nampenda.

Jumatano, 6 Mei

Nimekumbuka! Akaunti ilinipa namba kumi za dharura. Nilizishonea ndani ya bitana ya koti langu la kahawia. Akili ni mali!

Kabatini koti halimo. Mke wangu akasema mfuko umetoboka tangu mwaka jana, amechoka kunikumbusha, amelipeleka kwa Bwana Mkasi. Koti la fundi, kwa fundi mwingine! Nikamtuma jirani yangu fundi viatu akalichukue, aseme ni lake. Amerudi mikono mitupu. Bwana Mkasi alimjibu kwamba mwenye tumbo la koti lile anamjua.

Alhamisi, 7 Mei

Nimevuka barabara mwenyewe. Koti limetundikwa ukutani, mfuko mzima, bitana mpya kabisa! Ya zamani ameshaitupa.

Kisha akafungua droo, akatoa bahasha. Alisema alipofumua alikuta karatasi yenye namba, akajua hakuna anayeshonea upuuzi mahali kama pale. Hakuuliza kitu. Hakucheka. Na mimi miaka tisa namwita mrarua vitambaa! Machozi yamenitoka mbele ya wateja wake. Nimesema asante mpaka akaniomba nikae chini. Saa sita mchana vipimo vyote vilikuwa mbele yangu.

Jumamosi, 9 Mei

Gauni limemkaa bibi harusi kama amezaliwa nalo. Akanikumbatia, akasema ahsante mjomba. Dada akalia. Mimi nikalia zaidi.

Jumapili, 10 Mei

Nimemshonea Bwana Mkasi kizibao cha shukrani. Amefurahi sana. Kinambana kidogo tumboni, lakini amesema si neno, wiki hii atakifumua mwenyewe akipanue. Mtu mwema jamani!

Akaunti ilinipa namba mpya za dharura, na mke wangu alinisihi niziweke mahali salama. Nilizishonea ndani ya bitana ya kizibao kile kabla sijampa. Sijamwambia mtu. Nani atazigusa pale?