Walinililia kwa Maumivu ya Moja

Leo nimeaibika mbele ya watu karibu hamsini, na wote walikuwa wamekuja kunililia mimi. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia habari ya mtaani, maana hiyo ya mtaani tayari ina jeneza.

Tuende kwa utaratibu. Hii ni wiki ya sita tangu nibadilishiwe nyonga. Ile ya zamani niliivunja wakati wa vita, kwenye njia ya Kibombo, nilipoanguka korongoni pamoja na baiskeli iliyobeba magunia ya chumvi. (Chumvi ilipona.) Walinibeba kwenye machela ya miti siku nne, bila dawa hata moja. Niliuma kitambaa ili nisipige kelele, kwa sababu msituni kelele ilileta watu wenye bunduki. Mke wangu, Mama Amisi, alitembea nyuma ya machela siku zote nne. Mfupa uliunga vibaya, nikachechemea zaidi ya miaka ishirini. Mwaka huu nikapanda ndege kwenda kupasuliwa, nikarudi nyumbani Kindu na nyonga ya chuma, magongo mawili na kopo la vidonge.

Kila wiki anakuja Rehema, kinezi, yaani mtu wa kunifanyisha mazoezi. Ni msichana mdogo, lakini ana sauti ya mwalimu mkuu. Siku ya kwanza aliniambia:

"Papa, kila asubuhi muandike maumivu. Sifuri njo hakuna kitu. Kumi njo ile mubaya kupita zote mulionaka. Ikifika tano, munywe dawa nusu saa mbele ya mazoezi. Sawa?"

"Sawa."

Mimi ni fundi redio. Ufundi wangu niliusoma peke yangu vitabuni, na kipimo kwangu ni kitu cha kuheshimiwa. Amesema mbaya kupita zote? Nikafungua daftari, ukurasa wa kwanza, nikaandika: Kumi ni machela, siku ya pili. Kwa kipimo hicho, kila maumivu ya sasa yalikuwa moja. Mara chache moja na nusu. Tano haikufika hata siku moja, na kopo la vidonge likabaki limejaa. Nililitazama kila asubuhi kwa fahari.

"Papa Amisi," mke wangu aliniambia juzi, "daftari yako na sura yako hazisemi kitu kimoja."

"Sura haina namba," nikamjibu. (Nilidhani nimesema jambo la maana.)

Kasoro ilikuwa moja tu: mazoezi hayakufanyika. Nilikuwa nainua mguu kidogo, natoka jasho, naushusha, naandika moja. Wiki iliyopita Rehema aliushika mguu, akaukunja, akaukunjua. Kisha akasema:

"Kiungo inaanza kukauka. Sielewi. Mutu wa maumivu moja angekuwa anacheza ndombolo."

Akanipa mtihani. Leo saa nne asubuhi nipige hatua ishirini kwa gongo moja, bila kuburuta mguu. Nikishindwa, narudi kwenye ndege, kwa daktari aliyenipasua. Na kama naye atashindwa, basi mchechemeo wa vita nitazikwa nao. Sikulala vizuri. (Niliandika moja.)

Leo saa tatu, mke wangu akiwa sokoni, niliingia kuoga. Bafu letu liko uani: miti minne, turubai kuzunguka, pazia badala ya mlango. Nikaegemeza magongo, nikatundika taulo, nikaoga nikiwa nimesimama. Nilipomaliza nikapata wazo. Kwa nini nisijaribu zoezi la kuinua mguu kando, mara kumi, kabla mtahini hajafika?

Moja. Mbili. Tatu. Ya nne ilikuwa nzito. Ya sita nikaona nyota mchana. Ya saba nyonga ilikaza kama mtu ameifunga kwa spana, na kifuani mwangu ikatoka sauti ambayo sikuitambua:

"Mama yangu eee, nakufa!"

Papo hapo nikaushika mti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikajisokomeza kitambaa cha kuogea mdomoni. (Tabia ya msituni.) Magongo yakaanguka. Yakaenda na taulo. Na mimi nimekatazwa kuinama.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi: uchi, mguu mmoja chini, mti mmoja mkononi, kitambaa mdomoni.

Upande wa pili wa ua jirani yetu, Mama Apendeki, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukanyamaza.

"Papa Amisi?"

Sikujibu.

"Papa Amisi! Eh! Papa Amisi!"

Nilipima. Nikijibu, atakuja. Akija, atafungua pazia. Nikaamua kungoja maumivu yatulie, nitafute namna ya kupata taulo, halafu nitoke kwa heshima. Ulikuwa mpango mzuri wa dakika tano. Mama Apendeki hakunipa hata moja.

"Yoooo! Papa Amisi amekufa! Yoooo!"

Kwetu, ukisikia kilio unajibu kwa kilio. Maswali yanakuja baadaye. Nyumba ya kushoto ikajibu. Ya kulia ikajibu. Wakajibu hata watu wa ng'ambo ya barabara, ambao tangu Pasaka hatusalimiani. Nikasikia miguu inakimbia kuingia uani, mikeka inakunjuliwa, viti vya plastiki vinaburutwa. Mtu akauliza sufuria kubwa iko kwa nani. Haikupita robo saa, nina msiba kamili.

Na mimi nilikuwa hatua ishirini tu kutoka hapo. Kila neno nililisikia.

"Alikuwa mutu wa mupango," alisema shemeji yangu Radjabu huku analia. "Redio yangu aliiwekaka mwaka muzima. Lakini siku ilitoka, ilitoka muzima."

(Miezi saba. Imeandikwa.)

"Na ile kiti yake ya murefu," sauti nyingine ikauliza, "nani ataichukua?" (Ni kiti nilichochongewa baada ya upasuaji, kwa kuwa siruhusiwi kukaa chini sana.)

"We! Hata hatujamuzika!"

"Nauliza tu."

Kadiri walivyozidi kulia, ndivyo kutoka kulivyozidi kuwa kugumu. Maiti inatokaje bafuni bila nguo? Nimesoma vitabu vingi. Hakuna kinachoeleza.

Ghafla vilio vikakatika. Nikasikia kikapu kinatua chini, na nikajua Mama Amisi amefika. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo sana:

"Munalia nani?"

Nikasikia mikeka inavutwa ili apite.

"Mwili iko wapi?"

Hatua zake zikasogea.

"Mama Apendeki, nakuuliza. Iko wapi?"

"Si iko ndani?"

"Nani alimuona?"

Radjabu alidhani wanawake wamemwona. Wanawake walidhani wazee wamemwona. Wazee walikuwa wanashughulikia turubai. Nikasikia mlango wa nyumba unafunguliwa, kisha Radjabu akatoka.

"Kitandani hakuna mutu. Kuko daftari tu."

"Soma."

Radjabu akasoma kwa sauti ya tangazo: "Leo asubuhi. Maumivu, moja."

Mtu akaomba arudie, akarudia.

"Amekufa na moja?" akauliza mzee mmoja.

Hapo nilishindwa. Nilicheka. Kwa kitambaa mdomoni, kicheko kilitoka kama mbuzi anayekabwa shingo. Watu wakaruka. Viti viwili vikavunjika, nimeviona mwenyewe baadaye. Nikatema kitambaa, nikasema kwa adabu yote iliyobaki:

"Niko hapa bafuni. Naomba musiingie."

Mama Apendeki ndiye aliyepata ujasiri wa kusogea.

"Uko muzima ao uko muzimu?"

"Niko uchi."

Kitu kikaruka juu ya turubai, kikanitua begani. Kitenge kipya, maua mekundu. Nikajifunga haraka, nikamshukuru Mama Apendeki. Baadaye Radjabu akanieleza kwamba yule mama alikuwa amekileta kunifunika nacho, kuanzia usoni.

Mke wangu akaingia, akaokota magongo. Nilingoja matusi, na niliyastahili. Lakini akasema polepole:

"Siku ine nilikuwa nyuma ya ile machela. Kila nikikuuliza, unasema ni kidogo. Ile kumi na mimi niliionaka, Papa Amisi. Ilishaisha. Hapa hakuna mutu wa bunduki. Ukiumia, useme."

Nilimshika bega, na si kwa sababu ya nyonga tu.

Saa nne kamili, pikipiki ya Rehema. Kwa upenyo wa pazia nikamwona: aliitazama mikeka, akaitazama sufuria, akayatazama macho mekundu ya watu. Kisha akaja mbele ya pazia.

"Papa, maumivu iko ngapi?"

Watu hamsini wakasogea karibu kusikiliza.

"Nane," nikasema.

"Nane!" ua wote ukapokea, wengine kwa furaha isiyofaa msibani.

"Na zile moja zote za daftari?"

"Saba. Nane. Mara mbili tisa."

Hakunigombeza. Aliagiza kile kiti kirefu (kililetwa na yule yule aliyekiulizia, bila kunitazama machoni), akanikalisha pale pale mbele ya bafu, akanipa kidonge na maji, akatazama saa yake. Tukangoja nusu saa. Waliokuja kunililia wakangoja pia. Wali ulikuwa umeshawekwa motoni, na kuuacha ingekuwa dhambi.

"Haya, Papa. Gongo moja."

Nikasimama. Nimevaa nguo ya maiti, na maiti ni mimi. Nikapiga hatua, na msiba mzima ukahesabu.

"Moja! Mbili! Tatu!"

Mguu uliinuka. Uliuma, ndiyo, lakini kama kitu cha mbali, kama redio ya jirani. Na haukuburuta! Kwenye kumi na tano Mama Apendeki akaanza kulia tena, nikamsihi asirudie. Kwenye ishirini walipiga makofi, lakini mguu ulikuwa bado unataka, nikauacha uende. Nilisimama kwenye ishirini na sita, mbele ya sufuria.

Rehema akaupima mguu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Haijakauka. Ilikuwa inangoja dawa tu. Mukifuata mupango, mwezi huu mutaenda kazini na miguu yenu."

Hakuna ndege. Hakuna kurudi kupasuliwa. Mke wangu akageuka upande, akawa na shughuli nyingi za ghafla kwenye kikapu chake.

Tukala. Wali wa matanga yangu ulikuwa mtamu, na nimeambiwa si wengi wanaopata nafasi ya kuuonja. Kitenge nilikirudisha. Mama Apendeki akakikataa: "Bakia nacho, kitatumika siku moja." (Hakuwa na nia mbaya. Nadhani.)

Jioni hii nimechana ule ukurasa wa kwanza wa daftari na kuandika mwingine: Kumi ni kusimama uchi ukisikia watu wanagawana kiti chako. Kwa hiyo nyinyi mnaosoma, najua mtacheka. Naomba tu msivuke tatu, maana nikicheka pamoja nanyi, nyonga inafika tano.