Jinsi Hellen wa Kirumba Alivyoulaza Mwezi Chali

Zimeni redio, teremsheni sufuria, na mwenye mtoto analia ambembeleze hukohuko nje! Sogeeni, enyi watu wa Kirumba, na nyinyi wa Kisesa mliokuja mjini kwa shughuli zenu mkakuta watu wamekaa, kaeni nanyi, kwa maana leo halisimuliwi jambo la mchezo. Mmesimuliwa habari za wafalme waliopiga ngoma za vita na majemedari waliovuka mito kwa vifua vyao, mkapiga makofi. Makofi hayo yarudisheni mfukoni. Leo inasimuliwa habari ya Hellen binti Okech, Mshika Kibodi, Mmaliza Mabando, Yeye Aliyekunywa Chai Iliyopoa Siku Saba Mfululizo, ambaye kwa mkono wake wa kuume, na hasa kwa kidole cha shahada, aliuondoa mwezi mahali pabaya akauweka mahali pake. Nani anacheka huko nyuma? Subiri kwanza.

Huyu Hellen alilelewa na shangazi yake Aluoch, Simba Jike wa Mwaloni, Malkia wa Chanja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ishirini na wawili wanaoanika dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Mama huyo aliunguzwa na jua miaka na miaka ili mtoto wa kaka yake akasomee kompyuta. Na dagaa, kama ajuavyo kila mwenye pua Mwanza, huvuliwa kwa taa penye giza: mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, mwezi ukipungua mitumbwi huingia ziwani, na asubuhi akina mama wanatakiwa wawe wamesimama ufukweni na ndoo zao. Kwa hiyo mwezi ndio bosi wa Mwaloni. Ila majira ya vuli, mawingu humfunika bosi huyo wiki nzima asionekane hata kucha, na hapo ndipo Hellen alipojitosa. Aliwatengenezea akina mama programu ya simu. Ukiifungua tu unaona mchoro wa mwezi wa siku hiyo, huhitaji kusoma hata neno moja. Aliiandika kwa Tukani, lugha ya kuamrishia kompyuta isiyo na mwenyewe, iliyotungwa na watu wa kujitolea wa kila pembe ya dunia, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua tumboni, kuisoma, na kuomba irekebishwe palipoharibika.

Basi ikawa, katika wiki ya mawingu ya Desemba, akina mama wakafungua simu wakaona mwezi nusu umesimama wima, upande wa kulia unang'aa. Wilhelmina, katibu wa kikundi, Bingwa wa Darasa la Saba, aliyekuwa wa kwanza kwa sayansi na hajamruhusu mtu yeyote asahau, akatamka kwa sauti kuu: "Kitabu kilisema, mwezi unaong'aa kulia unakua. Mbalamwezi inakuja. Lalani, wanawake wenzangu, mitumbwi haitoki!"

Wakalala. Lo! Mwezi ulikuwa unapungua. Mitumbwi ikatoka, ikarudi imejaa hadi ukingoni, na dagaa wote wakabebwa na kikundi cha watu wengine huku akina mama wa Aluoch wakichemsha uji majumbani mwao.

Jumapili alfajiri, mawingu yakiwa yamefunguka kidogo upande wa mashariki, Aluoch alimtoa Hellen kitandani kwa kumshika mkono kama anayemtoa kuku bandani.

"Shikamoo, shangazi," akasema Hellen, macho nusu.

"Marahaba. Tazama juu. Unaona nini?"

"Mwezi."

"Umekaaje?"

Hellen akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena. Pale juu ya mapaa ya bati kulikuwa na mwezi mwembamba unaokaribia kufa, nao haukuwa umesimama. Ulikuwa umelala chali, ncha zote mbili juu, kama mtumbwi uliotulia majini. Hellen alikuwa amezaliwa chini ya mwezi huo. Lakini tangu darasa la tatu alikuwa akiuchora umesimama, kwa sababu kitabuni ulisimama, na mwalimu akimwekea tiki nyekundu, na katika miaka yake yote ishirini na saba haikumpitia akilini kulinganisha daftari na mbingu.

"Shangazi," akajitetea, "ule wa kwenye simu ndio wa kisayansi."

Ndipo Simba Jike wa Mwaloni alipotoa hotuba, na majirani wawili wakafungua madirisha ili wasikose neno. "Wa kisayansi! Mwezi wetu unalala, mtoto wewe, tangu bibi yako hajaota meno. Ukilala jioni magharibi, unakua. Ukilala alfajiri mashariki, unakufa. Nani hajui? Mimi nimeanika dagaa nikupeleke ukasome, nawe umerudi hujui mwezi! Jumamosi saa kumi tuna kikao. Wilhelmina anataka programu yako itolewe kwenye kikundi, na mimi sitakutetea. Nitakuteteaje? Nitasema nini, kwamba shule imekula mtoto wangu ikanirudishia mgeni?"

Hilo neno mgeni lilimkata Hellen kuliko yote. Programu ingeweza kutupwa, akatengeneza nyingine. Lakini akiwa mgeni kwa shangazi yake, atakwenda kwa nani? Akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akaingia ndani, akawasha laptopu yake kuukuu yenye herufi mbili zilizong'oka, akaapa kwamba hatapumzika mpaka Jumamosi.

Sasa shikeni viti, vita vimeanza. Watu wa kompyuta huita kasoro ya namna hii mdudu, na mdudu huyu alikuwa na maficho saba. Jumatatu Hellen akaishambulia programu yake mwenyewe, mstari kwa mstari, mia nne na kumi; akatoka mikono mitupu. Jumanne akaishuku simu, akaazima nyingine tatu, zote zikaonyesha mwezi uleule umesimama. Jumatano, baada ya kikombe cha nne cha chai baridi, akafanya lile ambalo waoga hawalifanyi: akaifungua Tukani yenyewe, akashuka tumboni mwake kama mtu anayeshuka kisimani kwa kamba, faili baada ya faili, akipita mafungu ya saa, na tarehe, na miaka mirefu, hata akafika chini kabisa penye fungu dogo lililochora mwezi. Na huko chini, ndani ya mistari minne, akamkuta amejikunja.

"Kumbe wewe!" akapiga kelele, na paka akaruka kutoka dirishani.

Mdudu alikuwa hivi. Tukani ilikuwa inaijua miezi miwili tu. Nchi za kaskazini ya ikweta ilizichorea mwezi uliosimama. Nchi za kusini ilizichorea uleule uliosimama, ila umegeuzwa kulia kuwa kushoto. Mwanza, iliyoko kusini ya ikweta kwa hatua chache tu, ikatupwa kapu moja na nchi za mwisho wa dunia kwenye barafu, hivyo mwezi wake uking'aa kulia ulikuwa unapungua, kinyume na kitabu cha Wilhelmina. Na watu wa katikati, ambao mwezi wao unalala? Hawakuwamo. Miaka tisa tangu Tukani itungwe hawakuwamo, na hakuna hata mmoja aliyelalamika, kwa maana kila mmoja alikuwa amechora mwezi uliosimama akapata tiki.

Hellen akaandika dawa yake: mstari mmoja. Kwamba kila aishiye karibu na ikweta, mwezi wake ulazwe chali. Kwenye programu yake mwenyewe akaongeza neno "jioni" au "alfajiri" chini ya mchoro, kama shangazi alivyofundisha madirisha yakiwa wazi. Kisha akaupeleka mstari ule langoni.

Maana lugha isiyo na mwenyewe ina bawabu, msidhani. Bawabu wa fungu la mwezi alikuwa mzee mmoja wa nchi za baridi aitwaye Oddvar, Mlinzi wa Lango, Mkataa Elfu, asiyeruhusu hata nukta ipite bila kuihoji. Alhamisi asubuhi jibu lake likafika, na kwa lugha yetu lilikuwa hivi:

"Ewe uliye mbali, salamu. Mimi nina miaka sitini na mitatu, na kila mwezi nilioutazama ulikuwa umesimama kama mtu mwenye heshima zake. Niliuchora mimi mwenyewe mwezi huu wa Tukani. Unaniambia kwenu unalala? Lete picha."

Picha! Ingekuwa jambo dogo kama mbingu ingekuwa ya Hellen. Mwezi mchanga ulikuwa ndiyo kwanza umeandama, na huonekana kitambo kidogo tu jua likishazama. Alhamisi jioni Hellen akasimama ufukweni Kirumba na simu mkononi. Shangazi akaja pia, kwa kuwa alisikia neno picha; amevaa kitenge cha harusi na kilemba cha kwenda kanisani.

"Nimekuja kuona kama utaaibika," akaeleza. "Nipige upande huu, huu wa pili una chunusi."

Wingu likakaa pale magharibi kama ng'ombe aliyegoma. Wakangoja. Mvua ikanyesha, kilemba kikalowa, wakarudi nyumbani.

Ijumaa wakarudi. Wingu nalo likarudi. Jua lilikuwa limezama, na Hellen akaishusha simu, kwa sababu kesho ndiyo Jumamosi na kwa bawabu hakuna picha hakuna ruhusa. "Shangazi, nisamehe," akasema. "Nilikuwa natazama kitabu muda wote."

Aluoch alivua kandambili, akaingia majini mpaka magotini na kitenge chake cha harusi, akainua mkono kulielekea wingu, akaligombeza kwa Kijaluo, maneno ambayo msimulizi wa habari hizi hatayatamka kwa kuwa kuna watoto. Wakazi wa pale mpaka leo wanabishana kama ni upepo ama ni matusi. Wingu likapasuka. Na ndani ya ule mpasuko, juu ya maji yaliyonyooka, mwezi ukawa umelala chali, mwembamba, umetulia, kama aliyekuwepo siku zote akingoja kuitwa.

"Piga!" akanguruma Simba Jike. Hellen akapiga picha kumi na tisa. Katika zote shangazi yumo, kidole juu.

Jumamosi saa tano, Mlinzi wa Lango akajibu: "Nimeiona. Picha nzuri. Lakini simu inaweza kuinamishwa ubavu, na mwezi uliosimama ukaonekana umelala."

Hellen akamsomea shangazi aliyekuwa akigeuza dagaa kwenye chanja. Aluoch akaweka reki chini, akajipangusa mikono. "Mwandikie hivi hivi, usipunguze. Mwambie: na ziwa lote hili nalo nimeliinamisha? Na mimi niliyesimama ndani yake ningekuwa nimeshaanguka!"

Hellen akaandika hivyohivyo, hakupunguza.

Saa sita ikapita kimya. Saa saba. Saa nane. Saa tisa na dakika ishirini, likaja neno moja: "Imekubaliwa." Na chini yake: "Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuniuliza kulikoni. Mpe salamu mama aliye ndani ya maji."

Hellen akarukaruka uani. Akataka kupakua Tukani mpya, na hapo, enyi wasikilizaji, bando likaisha. Likaisha! Akakimbia na laptopu kichwani kama sinia la mandazi mpaka kwenye kikao, akafika akihema, na mwenye bando pale alikuwa mtu mmoja tu, naye ni Wilhelmina.

"Dada Wilhelmina, naomba uniwashie intaneti yako."

"Ya kazi gani?"

"Ya kukuonyesha kwamba wewe hukukosea. Kitabu ndicho kilichokosea."

Bingwa wa Darasa la Saba akatafakari jambo hilo. Halafu akawasha.

Mwezi mpya ukashuka kutoka mbinguni kwa mwendo wa kobe, asilimia baada ya asilimia, kutoka laptopu hadi simu, akina mama ishirini na wawili wameinama juu ya simu moja. Ulipofunguka, ulikuwa umelala chali, na chini yake pameandikwa "jioni". Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Haa! Huo ndio mwezi," akasema mama mmoja, kama aliyeona ndugu stendi.

Kisha Hellen akawasomea kumbukumbu ya marekebisho ya Tukani, ile inayosomwa dunia nzima na kila anayeitumia lugha hiyo, aliyoiandika yeye mwenyewe na bawabu akaipitisha bila kugusa herufi: "Mwezi wa nchi za ikweta sasa unalala. Kasoro imegunduliwa na Aluoch wa Kirumba, Mwanza. Imerekebishwa na Hellen Okech."

"Soma tena," akasema Aluoch.

Akasoma tena.

"Hapo penye Aluoch. Polepole."

Akasoma mara ya tatu. Aluoch akavua kilemba, akakikunja, akakivaa upya. Akasimama mbele ya kikao. Watu wakajua kuna hotuba, wakajiweka sawa. Lakini mwanamke huyo ambaye hajawahi kukosa maneno tangu abatizwe, akamshika Hellen begani, akawaambia wenzake kwa sauti ndogo: "Mniwie radhi. Nilidhani huyu nilimpeleka shule ili awe mtu wao. Kumbe nilimtuma akanisemee."

Akina mama wakapiga vigelegele vilivyosikika mpaka uwanja wa mpira, na Wilhelmina, kalamu mkononi, akaandika katika kumbukumbu za kikundi, kurasa za milele na milele: kwamba Jumamosi hiyo, saa kumi na dakika arobaini jioni, kabla ya chai, mwezi wa dunia ulilazwa Kirumba, na kwamba intaneti iliyotumika ilikuwa ya katibu.