Siri Niliyowapa Kumi na Mmoja

2 Novemba, Jumatatu
Nimekasirika! Mabega, kocha wa jimu ya ng'ambo ya barabara, amebandika ukutani picha za mwanafunzi wake, kabla na baada ya mazoezi. Eti miezi sita. Na picha ni za kweli! Huo si ushindani, ni uchokozi. Mimi, kocha mwenzake, zangu nilizipiga siku moja: asubuhi mtu kajaza tumbo maji na kulilegeza, jioni kapakwa mafuta na kubana pumzi. Kazi ile ina jasho! Nani ananishukuru?

Jibu langu: programu ya siri ya kujiandaa kwa mashindano ya Jumamosi ya kutunisha misuli. Kila mteja namhakikishia nafasi ya kwanza.

4 Novemba, Jumatano
Wamejiandikisha kumi na mmoja. Kila mmoja nimemwambia nimemtungia yeye peke yake, baada ya kumpima damu kwa macho. Karatasi ni ile ile. Niandike kumi na moja mkono uniume?

Wa mwisho ni shemeji, mume wa dada. Seremala, mpole, hajagusa wali miezi minne, anaota kombe tu. Dada, ambaye naishi chumba chake cha uani, aliniita jikoni. Akauliza kama kweli naweza kumshindisha. Nikaapa. Akasema nikimwaibisha mumewe, nitafute pa kulala. Mkwara tu! Damu nzito kuliko maji.

6 Novemba, Ijumaa
Mabega ana mdomo! Anawaambia watu kwamba kocha anayeahidi ushindi ni mwongo. Wivu huo. Nimemnong'oneza kinyozi kwamba mabega yale ni ya sindano. Kinyozi hana kifua. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua. Mabega alicheka tu. Mshenzi!

7 Novemba, Jumamosi
Balaa! Karatasi ilisema: saa nne na dakika saba kamili, jitenge, geukia ukuta, lamba vijiko vitatu vya asali, usimwambie mtu. Kumbe chumba cha kubadilishia nguo kina ukuta mmoja tu usio na makabati. Dakika ya saba ikafika, wakajipanga wanaume kumi na mmoja, wamepakwa hadi masikioni ile rangi ya kahawia ya kuonyesha misuli jukwaani, kila mmoja na kichupa chake. Wakatazamana. Shemeji ndiye aliyewauliza, taratibu, kama na wao walipimwa damu kwa macho.

Nilitoka kwa dirisha la choo.

Walipanda jukwaani wakitetemeka kwa hasira, hakuna aliyekumbuka mikao. Kombe limekwenda kwa yule wa picha za kweli. Shemeji wa mwisho. Dada anasema alilia hadi rangi ikamchuruzika usoni. Roho imeniuma, nakiri. Lakini ukuta mmoja! Watu wanajenga vipi kumbi siku hizi?

8 Novemba, Jumapili
Dada ametoa begi langu nje. Hakugomba, na hilo ndilo lililonikera. Shemeji kaniletea viatu vyangu, tena kavipiga brashi. Akaniambia niende salama. Upole gani huo wa kumchoma mtu!

Nimekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, nachemka. Nani kaiharibu biashara hii? Matapeli! Basi nimeanzisha somo jipya: jinsi ya kumtambua kocha tapeli. Atakayelisoma hatatapeliwa tena maishani, namhakikishia. Tangazo la kwanza nimempelekea dada. Kidonda chake bado kibichi; huyo hakosi kununua.