Pipa la Kimandolu Kuhamia Ndani ya Kioo

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, mheshimiwa unayemwakilisha mwakilishi huyo baada ya yeye kupata udhuru, waheshimiwa madiwani, viongozi wetu wa dini, viongozi wetu wa mila malaigwanani, wazee wangu shikamooni, na ninyi wananchi wa kawaida mliosimama kule juani: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Mimi, Injinia wa Heshima Abdiel Kaanaeli, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Kioo, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wamenisifia, kuwatangazia kwamba lile pipa la taka za mionzi, lililotelekezwa kwenye stoo na wawekezaji tusiowakumbuka, sasa linakwenda kumalizwa kisayansi, kwa teknolojia ya levo ya kimataifa, ambapo taka huchanganywa na malighafi za kioo maalumu, zikayeyushwa kwa moto mkali mpaka zikawa uji, zikamiminwa kwenye mtungi wa chuma na kuganda humo, zisivuje wala kusombwa na maji daima dumu. (Vigelegele.) Na kwa kuwa hiki ni kioo, kamati yangu ilikwenda moja kwa moja kwa mtaalamu wa vioo, Ndugu Iqbal, fundi madirisha ya aluminiamu pale Sokon I, aliyetuuliza swali moja tu la kitaalamu: tunataka cha kawaida au cha giza? Tumechagua cha giza, ili mionzi isione nje! (Kicheko. Iqbal anainamisha kichwa.)

Upembuzi yakinifu umekamilika kwa asilimia mia na kumi na nne, zile za ziada nikizifanya mwenyewe nyumbani, wikiendi, bila posho...

(Mama Skolastika, muuza mboga anayeishi jirani na stoo, anasimama: "Baba, pipa limeliwa na kutu, bati la stoo linavuja, na masika ndiyo haya. Chemchemi yetu iko hapo chini tu. Linaondoka lini?")

Swali zuri sana, mama, tena limenigusa, ndiyo maana nimeshaliundia kamati ndogo. Kaa, mama. (Hakai.) Tusizue taharuki, pipa tumelifunika kwa turubai jipya, la bluu, lenye picha yangu. (Makofi machache.)

Kioo! ("Hoyee!") Mionzi! ("Chali!") Mama Skolastika! ("Hajakaa!")

Nihitimishe kwa kuwashukuru wote mliofanikisha kiwanda chetu cha kuyeyushia kioo: mfadhili, ambaye tukishampata tutamwandikia, wataalamu, ambao tukishawasomesha watakuja, na mwenye kiwanja hiki, anayetaka tuondoke sasa hivi kwa sababu kuna harusi. Pipa nalo tunalishukuru kwa uvumilivu, litabaki palepale. Na kwa namna ya pekee, asanteni akina mama kwa chai ile ya tangawizi, tamu ajabu, birika zima nimelimaliza peke yangu. Hivi maji yake mmechota wapi?

(Mama Skolastika ananyoosha kidole kule chini ya stoo, kwenye chemchemi.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Dereva! Jamani, dereva yuko wapi?