Malalamiko Kuhusu Lugha Isiyolalamika

Thrasivulos Karamitros,
Ano Lithari.
Agosti, joto likiwa halivumiliki.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Milimani.

Ndugu Mhariri,

YAH: KULINGANISHWA KWA KIGIRIKI NA KIMONGOLIA, NA MADHARA YALIYOIPATA NYUMBA YANGU

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa na goti bovu, paa linalovuja na mbuzi anayechechemea. Nayataja haya mapema ili ujue kwamba unaandikiwa na mtu mwenye akili timamu na malezi mema. Kwetu, kama ujuavyo, mtu akiulizwa hali akajibu "nzuri" bila kuongeza neno, jirani hurudi nyumbani akijiuliza huyo ameokota nini.

Mwanangu Fotis alioa Mmongolia, jina lake Sarnai. Januari walihama Athens wakaja kuishi nasi. Sina la kumlaumu Sarnai. Anakamua mbuzi haraka kuliko mke wangu Asimina, na Asimina mwenyewe amekiri, jambo ambalo hakuna mama mkwe mwingine kijijini aliyewahi kulifanya. Wana binti, Mina, wa miaka mitatu. Kwa hiyo shida yangu si watu. Shida ni lugha ya Sarnai, ambayo nimeilinganisha na yetu bila upendeleo wowote, na matokeo ni haya:

1. Kimongolia kinauliza swali ambalo jibu lake hakilitaki. Kila Jumapili baada ya kanisa mama yake Sarnai, Bi Dulmaa, hupiga simu ya video kutoka kwao nyikani, ambako anafuga. Mara ya kwanza tulipoonana, kabla hata sijauzoea uso wake, aliniuliza: "Mifugo yenu imenona?" Sarnai alitafsiri, kisha akaninong'oneza, "Baba, sema imenona, yaishe." Sikuweza, Mhariri. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kanisani kupokea komunyo. Nilijibu ukweli: Mavra, yule mbuzi mwenye kengele, anachechemea, wawili wana upele, maziwa yamepungua, bei ya pumba haishikiki. Na kwa kuwa Kigiriki ni lugha yenye mteremko, sikuweza kusimama hapo. Nikaingia kwenye goti, nikapanda paani, nikamalizia na serikali. Sarnai alitafsiri kwa uaminifu mpaka kwenye paa, kisha sauti ikamkauka. Bi Dulmaa aliweka bakuli lake la chai chini, akanitazama kama anayetazama nyumba ikiungua.

2. Kimongolia hakijibu. Nami kwa adabu nilimuuliza hali. Ilikuwa Februari. Mlango wa hema lake ulikuwa wazi, theluji imefika kiunoni mwa mtu, na nyuma yake wanaume wawili walikuwa wakimburuta ng'ombe aliyekufa kwa baridi. Bi Dulmaa akasema: "Mifugo imenona, baridi tunaipitisha kwa amani." Mimi nilikuwa nimeshaandaa pole yangu, pole nzuri kabisa, yenye habari za marehemu baba na baridi ya utotoni. Nimebaki nayo mpaka leo. Lugha inayomnyima mtu nafasi ya kumpa mkwe mwenzake pole ni lugha ya uchoyo. Ya kwetu imebeba malalamiko miaka elfu tatu bila kuyatua chini hata kupumzika.

3. Ugonjwa huu unaambukiza. Mwezi uliopita nilimpeleka Mina mkahawani. Pantelis, mwenye mkahawa, akamwinamia akamuuliza, "Haya, bibie, unaendeleaje?" Mina, kwa Kigiriki safi nilichomnyooshea mimi mwenyewe, akajibu: "Kwa amani. Mbuzi wetu wamenona wote." Aliyekuwa anatupa karata alibaki ameishika hewani. Pantelis akanisogelea taratibu: "Thrasivulos, ndugu yangu, mmepata nini huko juu mnachotuficha?" Na meza ya pili alikaa karani anayeandikisha wafugaji walioumizwa na ukame ili walipwe fidia. Tangu siku hiyo sijamsikia. Asimina alipopata habari alimtemea mtoto mate mara tatu kuzuia kijicho, na mimi akanitemea mara moja bila kueleza sababu.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Bi Dulmaa amemwambia Sarnai ampeleke mtoto kwao kabla ya Oktoba, akakae huko. Maneno yake nilitafsiriwa hivi: "Hapo mlipo mifugo imekonda, na mzee analia kila Jumapili. Mtoto atakula nini?" Sarnai hajasema ndiyo wala hapana. Fotis anatazama sahani yake. Lakini begi kubwa lililokuwa juu ya kabati sasa liko sakafuni, na Mina amelifanya zizi la mbuzi wake wa mbao. Nampenda mtoto huyu, Mhariri. Kila asubuhi ndiye anayenivalisha soksi ya mguu wenye goti bovu. Akiondoka nitakuwa nalalamika nikiwa na sababu, na kulalamika kwenye sababu sijakuzoea.

Kwa hiyo naomba gazeti lako liibane serikali. Ipeleke Mongolia ujumbe wa walalamikaji wazoefu wakafundishe. Kijiji chetu pekee kinaweza kujaza ndege, na mke wangu yuko tayari kuongoza. Wamongolia walioko nchini wapewe mwaka mmoja wa kujifunza kuumwa na kitu, chochote kile. Atakayesema "kwa amani" mbele za watu aombwe maelezo. Na hayo yote yakishindikana, basi nipewe cheti chenye mhuri, kwa lugha zote mbili, kinachothibitisha kwamba mbuzi kukonda, huku kwetu, ni namna ya kusalimiana tu, na kwamba katika nyumba yangu hakuna mtoto aliyewahi kulala na njaa.

Nisalimie wapiga chapa, msahihishaji wako na macho yake, mama yako na nyonga yake, na yeyote hapo ofisini ambaye hajambo, kama yupo.

Wako katika uvumilivu usioshukuriwa,

Thrasivulos Karamitros

Nyongeza: Bahasha ilikataa kufungika, maana gundi za siku hizi hazina maana, na Jumapili ikanikuta nayo. Asubuhi hiyo Mavra alikufa. Nilikaa mbele ya simu na kengele yake mfukoni. Bi Dulmaa akauliza kama kawaida. Sarnai aliinamisha kichwa akisubiri upele na paa. Mina, aliyekuwa mapajani pangu, akaninong'oneza, "Babu, wamenona."

Nikasema, "Wamenona. Wote."

Sarnai alinitazama kwanza, ndipo akatafsiri. Nikaulizwa kiangazi kinaendaje. Nikasema kwa amani. Nikaulizwa goti, nikasema kwa amani, Mungu anisamehe. Ndipo Bi Dulmaa akavuta kigoda, akajimiminia chai, akasema: "Haya, mkwe mwenzangu. Tumeshasalimiana. Sasa nieleze."

Kumbe malalamiko wanayo, Mhariri. Wameyaweka chumba cha ndani, nami miezi yote hii nilikuwa nalia kizingitini. Alinieleza kwamba kwao mtu anayeanza na mifugo iliyokonda, hata hajakaa, huwa anaomba watoto wake wapokewe. Alidhani namwomba amchukue Mina, na alikuwa ameshamshonea kanzu ya baridi. Nikamweleza habari za Mavra. Akanieleza habari za Februari: nusu ya kundi ilikwisha, pamoja na farasi wa marehemu mumewe. Tulilia wote wawili, na Sarnai alilia mara mbili, mara moja kwa kila lugha. Ile pole yangu niliitoa yote, na baba yangu na baridi ya utotoni, naye akaisikiliza mpaka mwisho.

Begi limerudi juu ya kabati. Mbuzi wa mbao wamehamia kwenye kiatu changu. Kanzu itakuja kwa posta. Naomba barua hii usiichapishe. Nakutumia kwa kuwa stempu nilishabandika. Na Pantelis akikuuliza hali yetu, mwambie ni mbaya kuliko ya mwaka jana.