Kompyuta ya Rozari Moja

Habari iliyoharibu kahawa ya asubuhi ile kwenye kijiwe cha kahawa cha Kihesa, Iringa, ilisomwa na Mchele kutoka kwenye simu yake, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Kompyuta zote za zamani, alisema, zimeachwa na watengenezaji wake. Hazitapewa tena huduma. Kila mwenye nayo atajijua.

"Maana yake watapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya," akaongeza, sehemu ambayo haikuandikwa kokote.

Jina lake halisi ni Ambokile. Aliitwa Mchele kwa sababu alihamia Iringa akitokea Kyela, na hadi leo hajakubali kwamba wali wa huku ni wali. Alipomaliza kutangaza, macho ya kijiwe kizima yalihamia kwa Vitus, na Vitus, bila kujijua, akaikumbatia laptop yake kama mtoto aliyeona sindano.

Vitus ana wajukuu, anauza mbegu za mboga, na jioni anasoma masomo ya sekondari darasa moja na vijana wanaolingana na kitindamimba wake. Ndiyo maana kijiweni anaitwa Mwanafunzi. Laptop hiyo aliinunua ikiwa imetumika, na aliyemuuzia aliapa kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Ulaya aliyeitumia kusoma barua tu. Kwa mwendo wa mashine yenyewe, bibi huyo lazima alikuwa mtu mwenye subira sana. Ukibonyeza kitufe, kinatokea kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka, hadi unasahau ulitaka kuandika nini.

Mwanzoni kiduara kile kilimtia Vitus hasira hadi akaenda kuiungama. Padre akamshauri muda huo asali. Basi tangu siku hiyo akawa akibonyeza kitufe anafumba macho, anatoa rozari mfukoni, na hafumbui hadi Amina ya mwisho. Akifumbua, kompyuta imewaka. Haikuwahi kumwangusha. Siku za baridi kali ilihitaji na litania.

Sasa kijiwe kikaizoea desturi hiyo. Devota muuza kahawa, ambaye soketi ya umeme ni yake, alikuwa akiitikia huku akisuuza vikombe. Nirav mwenye duka la vifaa vya simu, ambaye wenzake humwita Bei Elekezi kwa kuwa bei anayoitaja kwanza si ile utakayolipa, kwao wanasali kwa namna nyingine kabisa, lakini alikuwa ameshaielewa ratiba kiasi cha kumkumbusha Vitus kwamba leo Jumanne, ni matendo ya uchungu. Mchele ni Mmoraviani na haitikii. Yeye huvua kofia kwa heshima, kisha anaweka viganja vyote viwili juu ya laptop kuota joto, maana inachemka kama chungu, na Devota amekataza mikono ya watu kwenye jiko lake.

Ila siku ile Vitus hakuwa na raha hata kabla ya habari za Mchele. Aliwaeleza kwamba jioni anatakiwa asimame mbele ya darasa, kompyuta yake iunganishwe na mashine ya kumulika ukutani, na insha yake isomwe. Wiki iliyopita kengele ya kutoka ilipigwa wakati kiduara bado kinazunguka. Mwalimu Eveline akasema mbele ya watoto wale wote kwamba safari ijayo kompyuta isipokuwa imewaka kabla ya kengele, jina la Vitus linatoka kwenye orodha ya watahiniwa.

"Insha yenyewe inahusu nini?" Nirav akauliza.

"Faida za kutunza muda," Vitus akasema.

Wakacheka wote, Devota akalazimika kuweka birika chini.

Kicheko kilipokwisha, Nirav akasema dawa ni fundi, leo hii, kabla ya saa za masomo. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mchele alipinga kwa nguvu. Alisema kompyuta ikitengenezwa joto litapotea, na Julai ya Iringa haichezewi, huko kwao Kyela mtu anaoga nje asubuhi. Devota naye alipinga, kwa sababu nyingine. Alikuwa katikati ya novena, sala ya siku tisa, akimwombea mchumba wa binti yake Marta aikumbuke njia ya kuja kujitambulisha. Kijana alikuwa ameshaanza kupokea simu. Ukiipa mashine kasi sasa hivi, novena inamalizikia wapi?

"Mama Marta," Vitus akasema kwa upole, "tunaweza kusali bila kompyuta."

Kijiwe kizima kikamgeukia. Ilionekana wazo hilo halijawahi kumpitia mtu yeyote.

"Bila kompyuta," Mchele akauliza, "tutajuaje rozari imeisha?"

Fundi aliitwa hata hivyo. Anaitwa Crispin, ila kijiweni ni Dakika Tano, maana ndilo jibu lake kwa kazi zote, pamoja na ile redio ya Devota iliyokaa kwake tangu Pasaka. Aliketi kwenye benchi, akatandika kitambaa, akapanga bisibisi zake ndogo, akasema dakika tano. Kwanza aliihamishia insha kwenye flashi, na Vitus akaishika flashi ile kwa mikono miwili kama anayepokea komunyo. Kisha akafungua mfuniko wa chini, na watu wote wakainama.

"Mzee Vitus," Crispin akasema, "hii feni imevaa sweta."

Na kweli. Vumbi lilikuwa limeshikana likawa kitambaa kizito cha kijivu, limeifunika feni yote, na ndani yake mlikuwa na makombo ya kashata, mbegu za mchicha za Vitus, na unywele mmoja mweusi ulionyooka ambao kila mtu aliutazama, kisha akamtazama Nirav. Nirav akasema Iringa ina watu wengi.

Crispin aliutoa ule mtumba wa vumbi kwa brashi, ukatoka mzima, akauweka pembeni. Akafuta uji wa kupozea uliokuwa umekaukia juu ya chipu, akapaka mpya. Akatoa diski ya zamani, ile inayozunguka, akaweka mpya isiyozunguka kabisa. Alipofika kwenye ramu, akaeleza kwamba ramu ni meza ya kufanyia kazi, na kompyuta hii miaka yote imekuwa ikipika pilau la harusi juu ya stuli. Nirav akanyanyuka bila neno, akaenda dukani, akarudi na ramu aliyoichomoa kwenye laptop ya binti yake Dimple iliyovunjika kioo. Mchele akataka kujua bei elekezi. Nirav akamwambia anyamaze anywe kahawa.

Dakika tano zilipofika alasiri, kitufe kikabonyezwa. Kompyuta ikawaka kabla Devota hajalirudisha birika jikoni. Vitus alikuwa ameshaanza ishara ya msalaba, mkono ukabaki begani, hajui aumalizie wapi.

Mchele akaweka viganja vyake juu ya laptop. Akavihamisha huku na huku kama daktari.

"Hii imeshakufa," akasema. "Mwili umepoa."

Vitus akarudisha insha yake ndani, akaifunga laptop kwenye mfuko wa mbegu, akaenda darasani mapema. Kijiwe kikamsindikiza kwa macho hadi kona, na Devota, japo novena ilikuwa hatarini, akamfanyia alama ya msalaba kwa kijiko.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito na Vitus akaja uso umeinama. Aliwasalimia kwa Kihehe, kamwene, kwa sauti ya chini, akaketi. Crispin, aliyekuja kusikia matokeo, alianza kukusanya bisibisi zake taratibu, kama mtu aliyekumbuka safari.

"Haikuwaka?" Nirav akauliza.

"Iliwaka," Vitus akasema. "Mimi ndiye niliyechelewa kuwaka."

Akawaeleza. Alisimama mbele, watoto wote wakimtazama. Akabonyeza kitufe na macho yakajifumba yenyewe. Akasema moyoni asali Salamu Maria moja tu ya kuondoa hofu. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea safari ndefu. Ukaingia fungu la kwanza, ukavuka la pili, na kwa kuwa ilikuwa baridi, ukapitiliza hadi litania. Hakuna aliyemgusa. Nani atamkatisha mzee anayesali? Aliposema Amina na kufumbua macho, kengele ilikuwa imeshapigwa na nusu ya darasa wamevaa makoti.

Devota akashika mdomo. "Jina limetoka?"

"Insha ilikuwa ukutani muda wote," Vitus akasema. "Walikuwa wameisoma mara tatu. Mwalimu alikuwa ameshaisahihisha, na kijana mmoja ameinakili. Mwalimu akasema sharti lake lilikuwa mashine iwake kabla ya kengele, na mashine imewaka. Kuhusu mimi hakuweka sharti. Jina limebaki."

"Sasa mbona umenuna?"

"Ameniandikia maoni. Kwamba juu ya faida za kutunza muda nimeandika vizuri, ila nikaisome tena."

Kijiwe kikalipuka kwa kicheko, Nirav akamlipia kahawa, na Devota akatangaza kwamba litania ile aliyosali darasani inahesabika kwenye novena ya Marta. Vitus akafungua laptop, akaiwasha, ikawaka papo hapo, kimya, ya baridi kama bati la asubuhi. Wote wakaigusa kwa viganja. Mikono ikarudi makwapani.

Mchele alimsogelea Crispin, akainama sikioni, lakini kwa sauti ambayo hata Nirav aliisikia.

"Fundi, lile sweta la feni umelitupa wapi?"

Crispin akatazama ukungu, akatazama viganja vya Mchele, akainuka.

"Dakika tano," akasema. "Nalileta."